Butura Inaturudisha Nyuma

Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliiingiza Tanzania katika nchi za kipato cha kati, daraja la chini. Lakini hesabu za Serikali za 2018 zilionyesha kuwa katika kila watu 100, maskini walikuwa 26.

Hapa Nkwenda sababu moja tunaijua: butura, kuuza kahawa ingali mtini. Januari shule zinafunguliwa, fedha hakuna. Tuseme mlanguzi anakupa shilingi 50,000. Juni anabeba gunia la shilingi 150,000. Naye huuita msaada!

Tukopeshane wenyewe. Watu 20 wakiweka shilingi 2,000 kila wiki kuanzia Julai, ikifika Januari wamepita milioni moja. Mwenye shida akope humo, kahawa yake iive, aianike, aipeleke chama cha msingi.