Kuku Wako Wanalala Wapi?

(Muziki wa kipindi. Unashuka.)

MTANGAZAJI: Hapa Mururu nyumba ziko kwenye miteremko na kiwanja ni kidogo. Kwa kuogopa wezi, wengi wetu tunalaza kuku ndani, jikoni ama chini ya kitanda. Lakini mavi yao yana vijidudu vya kuhara, na mtoto anayetambaa hushika sakafu kisha akatia mkono mdomoni.

Basi wajengee kibanda chao. Kiegemeze kwenye ukuta wa chumba unacholala na mlango utie kufuli. Wakishtuka usiku, utasikia.

Nafasi gani inatosha? Mita moja kwa mita moja ni kuku 4, wasizidi 5. Huna kipimo? Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Kibanda cha hatua 2 kwa hatua 1 kinatosha kuku 8. Ndani weka mti wa kulalia, sentimita 20 kwa kila kuku, na viota 2 vya kutagia. Mvua huku haikosi: inua sakafu, acha upenyo wa hewa juu, badilisha maranda yakilowa.

Ukiona wanadonoana manyoya, au harufu inachoma macho, ujue wamebanana. Ongeza nafasi, ama uza baadhi. Kuku 4 wazima ni bora kuliko 10 wagonjwa.

Na ukitoka bandani, nawa mikono kwa sabuni.

(Muziki unapanda.)