Kulala Kirgizistani: Yaliyo Kweli na Yasiyo Kweli

"Yurta ni mahema yaliyobuniwa kwa ajili ya watalii." Si kweli hata kidogo. Kila kiangazi wafugaji hupandisha kondoo na farasi kwenye malisho ya milimani, na yurta ndiyo nyumba yao huko. Kiunzi chake ni cha miti, nacho hufunikwa kwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa mpaka ikawa kitambaa kizito. Duara la paani, panapotokea moshi, limo katikati ya bendera ya taifa, na mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ufundi wa yurta wa Wakirgizi na Wakazaki katika orodha ya urithi wa utamaduni. Basi ukilala humo, umelala kwa watu. Piga hodi kwa "Assalamu alaikum", vua viatu, ngoja uonyeshwe pa kuketi, na mkate usiuweke kifudifudi.

"Yurta zipo mwaka mzima." Hapana. Chukua Ziwa Song-Köl: liko kwenye kimo cha mita 3,000 hivi, juu kuliko Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu kule Kilimanjaro. Yurta huwapo hapo kuanzia Juni hadi Septemba, kisha wenyewe hushuka na mifugo. Hata Julai theluji inaweza kuanguka. Miti haioti huko, kwa hiyo jiko huwashwa kwa samadi iliyokaushwa, na usiku wa manane moto ukishazimika utaitafuta sweta.

Wakati wa baridi nenda mji wa Karakol, ambako nyumba za wageni hupokea wanaokuja kuteleza kwenye theluji.

"Bila wakala wa mji mkuu, Bishkek, hupati pa kulala." Si kweli, na uvumi huu unawanyima wanavijiji riziki. Tangu mwaka 2000 familia za mji mdogo wa Kochkor zimejiunga kupokea wageni kwa utaratibu wao, zikianza kwa msaada wa shirika la Uswisi, Helvetas. Mpango huo ukaenea miji mingine. Ofisi yao itakupatia chumba kwenye familia, farasi, hata yurta ya Song-Köl. Mimi ningeanzia hapo kabla ya hoteli yoyote.

"Unaweza kupiga hema popote." Karibu kweli. Ila malisho yana wenyewe: ukiona yurta jirani, nenda ukaombe kwanza, na usizibe njia ya mifugo kwenda kunywa maji.