Kenya: Kamera ndani ya gari la mbio hufungwa wapi, na kwa nini?

Mashabiki wanaofuatilia mashindano ya Safari Rally kutoka Naivasha, nchini Kenya, wamezoea picha zinazopigwa kutoka ndani ya gari. Mikono ya dereva inahangaika na usukani, msoma ramani ameinamia daftari lake, na barabara ya vumbi inawajia kwa kasi. Picha hizo huonekana kama jambo rahisi. Hata hivyo, mahali pa kuifunga kamera huamuliwa kwanza na usalama, kisha na kile ambacho dereva anataka kujifunza. Uzuri wa picha huja mwisho.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, wakati njia yake ilipopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yalirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Barabara za Bonde la Ufa zina mawe, makorongo na vumbi laini kama unga linaloficha mashimo. Gari linaweza kuruka, kugonga au kubiringika wakati wowote.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, zinataka vifaa vinavyobebwa ndani ya gari la rali vifungwe kwa namna inayostahimili nguvu ya mara 25 ya uzito wake. Kwa hesabu hiyo, kamera ndogo ya gramu 150 huvuta kibanio chake kama mzigo wa karibu kilo 4. Kibandiko cha mpira kinachonyonya kioo, kile kinachotumika sana katika magari ya kawaida, hakiaminiki katika hali kama hiyo. Vumbi hupunguza mshiko wake, joto hulegeza mpira, na mtikisiko humaliza kazi. Kikiachia, kamera hugeuka jiwe ndani ya chumba chenye watu wawili, na helmeti nyingi za rali huacha uso wazi.

Ndiyo maana kamera hufungwa kwenye mabomba ya chuma yanayozunguka chumba cha dereva ili kuwakinga waliomo gari linapobiringika. Mabomba hayo hayatobolewi, kwa kuwa tundu hupunguza nguvu yake. Hutumika kibanio cha chuma kinacholikumbatia bomba, na mafundi waangalifu huongeza kamba fupi ya pili ili kamera isiende mbali iwapo kibanio kitavunjika. Kazi hiyo hukamilishwa kabla ya ukaguzi wa magari ili mkaguzi aione.

Mahali panapopendwa zaidi ni katikati, kwenye bomba linalopita nyuma ya viti viwili, karibu na usawa wa masikio. Kutoka hapo lenzi huona barabara, usukani na dashibodi kwa pamoja. Kamera haipaswi kuwa mahali ambapo kichwa kinaweza kufika. Katika ajali mikanda hunyumbuka na mwili husogea kuliko wengi wanavyodhani. Haipaswi pia kuziba kioo cha kutazamia nyuma wala njia ya kutokea.

Mkono mrefu wa kushikia kamera ni kosa la kawaida. Kadiri unavyorefuka ndivyo picha inavyotetemeka, hata barabara ikaonekana kama inayeyuka. Tatizo jingine ni mwanga. Ndani ya gari ni giza na nje jua ni kali, hivyo kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, huonyesha viti vizuri na kuigeuza barabara kuwa weupe mtupu. Afadhali mwanga upimwe kupitia kioo cha mbele.

Kwa dereva, faida kubwa ni kujisahihisha. Kamera ya pili inayoelekezwa miguuni huonyesha ni lini hasa alikanyaga breki, jambo ambalo kumbukumbu yake mara nyingi hulisimulia tofauti. Sauti nayo ina thamani. Kamera ikiunganishwa na chombo cha mawasiliano cha wawili hao, husikika kama msoma ramani alichelewa kutaja kona au dereva ndiye hakusikiliza.

Matumizi muhimu zaidi pengine hayaonekani kwenye televisheni kabisa. Kabla ya mashindano, madereva hupita kila hatua mara mbili kwa mwendo mdogo ili kuandika maelezo ya njia. Safari hizo hurekodiwa, na usiku wawili hao huketi kuzitazama upya na kurekebisha daftari. Hapo lenzi pana mno hudanganya, kwa sababu hufanya kona ionekane mbali na mteremko uonekane tambarare.

Madereva wa kulipwa wana wahandisi na vipimo vya kompyuta. Katika Pearl of Africa nchini Uganda au Mountain Gorilla Rally nchini Rwanda, wengi wanaoshiriki hugharimia magari yao wenyewe, na kwao kamera moja iliyofungwa vizuri ndiyo mwalimu wa pekee. Gari linaporudi kwa mafundi kati ya hatua, nati za kibanio hukazwa upya na lenzi hufutwa kwa kitambaa kikavu, kwani maji hugeuza vumbi kuwa tope.