Mwani wa Maji Baridi: Mafuta, Samaki na Suala la Jina

Utangulizi

Mfugaji wa samaki wa Bungoma anapotaka kujua iwapo kidimbwi chake kiko tayari, hutumbukiza mkono majini na kuutazama. Kiganja kikipotea machoni kabla ya maji kufika kwenye kiwiko, rangi ya kijani imezidi, naye huacha kutia samadi kwa muda. Kiganja kikiendelea kuonekana hata kiwiko kinapozama, huongeza samadi. Afanyapo hivyo huwa analima zao ambalo pengine hajawahi kulipatia jina. Makala haya yanaeleza zao hilo ni nini, lina manufaa gani, na kwa nini mafuta, yaliyolipa sifa duniani, hayafai kuwa tamaa ya kwanza ya mkulima wa Kitale au Bungoma.

Jina na Maana

Kwa mwenyeji wa Pwani neno mwani si geni. Unguja na Pemba, mwani wa baharini hulimwa kwa vigingi na kamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ukavunwa kwa mkono. Mwani wa vidimbwini ni jamaa yake wa mbali. Kila mmoja ni chembe hai moja, au kishada cha chembe chache, usioonekana ila kwa hadubini. Jicho tupu huona rangi tu. Ndiyo maana makala haya yanapendekeza istilahi mwani hadubini. Neno alji, lililotoholewa kutoka lugha za kigeni, halimwambii msikilizaji lolote. Mwani peke yake humpeleka ufuoni.

Mafuta na Hesabu Yake

Mwani hadubini hutumia mwanga wa jua, hewa ya kaboni na rutuba iliyomo majini kujitengenezea chakula. Baadhi ya aina zake, hasa zinaponyimwa naitrojeni, hugeuza sehemu ya chakula hicho kuwa mafuta, ambayo huweza kufikia kati ya humusi na nusu ya uzito wake mkavu. Mafuta hayo yakichanganywa na methanoli pamoja na kichocheo, hupatikana dizeli. Aidha, mwani hauhitaji shamba la rutuba. Jambo hili lina uzito katika Trans Nzoia, ambako kila ekari iondolewayo kwenye mahindi ni debe lililopungua jikoni.

Hata hivyo, hesabu ina ukali wake. Katika mabwawa ya wazi, lita moja ya maji kwa kawaida huwa na takribani nusu gramu ya mwani mkavu. Tangi la lita 1,000 basi hutoa nusu kilo, na mwani huo ukiwa na humusi ya mafuta, kinachobaki ni gramu 100: ujazo wa kikombe kidogo. Kabla ya kuyapata, sharti lita zote 1,000 zichujwe na mwani ukaushwe, kazi inayokula nishati nyingi. Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku nayo hupunguza kasi ya ukuaji.

Wenye mali nyingi pia wamekwama hapo. Serikali ya Marekani iliufanyia utafiti mwani wa mafuta tangu mwaka 1978 hadi 1996, ikausitisha kwa sababu ya gharama. Kampuni ya ExxonMobil iliingia mwaka 2009 na kufikia 2023 ilikuwa imejiondoa. Nchini Kenya, mbono kaburi ulisifiwa vivyo hivyo kuwa mmea wa dizeli, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa mavuno ya wakulima wadogo yalikuwa haba, ukashauri upandwe kama ua tu.

Manufaa Yaliyo Karibu

Faida ya kwanza ni samaki. Tilapia hula mwani moja kwa moja, na mchana mwani huwapa oksijeni. Ukizidi, usiku huitumia oksijeni hiyohiyo, na alfajiri samaki huonekana wakitweta juu ya maji. Ya pili ni usafishaji wa majitaka: katika mabwawa ya wazi, mwani huwapa bakteria oksijeni ya kuozesha uchafu, huku ukifyonza naitrojeni na fosforasi. Rutuba hiyo ikiachwa itiririke kutoka mashambani na mijini, Mto Nzoia huibeba hadi Ziwa Viktoria, ambako rutuba ya namna hii huchochea ukoga wa kijani, ambao huwa na sumu. Ya tatu ni bidhaa za bei: Chlorella iliyokaushwa ina protini ipatayo nusu ya uzito wake, na Haematococcus hutoa rangi nyekundu inayotiwa katika chakula cha samaki wafugwao. Bidhaa hizi zahitaji maji safi na maabara. Ukijani wa kidimbwi chochote si chakula cha binadamu.

Hitimisho

Mwani hadubini ni mali, lakini mali yake huanzia kwenye samaki na maji safi. Mafuta huja mwisho. Mkulima asiye na jina la zao lake hana namna ya kumhoji mwenye kulinadi. Hapo ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana kazi: kuunda istilahi inayoeleweka sokoni Chwele sawa na maabarani, ili ahadi zipimwe kwa lugha ya anayeahidiwa. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.