Road House Ukutani, Kirumba

Jumamosi jioni tulikusanyika kwa rafiki yetu Kirumba, sato wa kuchoma mezani, tukaiweka ukutani filamu ya Road House ya 1989. Enzi za mikanda ya video tuliifuata kibandani kwa ajili ya ngumi tu. Patrick Swayze ni Dalton, mlinzi anayeitwa kuirudishia heshima baa iliyooza kwa fujo.

Safari hii nililikodolea macho jukwaa. Bendi inapiga nyuma ya wavu wa banda la kuku, maana wateja wanarusha chupa. Mpiga gitaa amelilaza mapajani, vidole vinashuka kutoka juu kama vya mpiga kinanda. Huyo ni Jeff Healey wa Kanada, aliyepofuka akiwa mtoto mchanga kwa saratani ya macho. Alijifunza kulipiga hivyo, likiwa mapajani, tangu utotoni. Alifariki 2008, Swayze 2009.

Mwenzetu aliyewahi kulinda mlango wa baa karibu na Mwaloni aliikubali kanuni ya Dalton ya kuwa mpole mpaka upole ushindwe. “Mlevi ukimwita kaka, anatoka mwenyewe,” alisema.

Mwaka 2024 filamu hiyo ilitengenezwa upya, Jake Gyllenhaal akiwa Dalton. Itazameni, lakini anzeni na ya Healey.