Mlio wa gari la tabo na haki ya jirani

Mzazi anayeagiza gari lenye tabo kutoka Japani hudhani amenunua usafiri wa familia. Kijana wake hudhani limenunuliwa kwa ajili ya mlio. Katika mitaa ya Isevya, ambako dirisha la mama aliyejifungua juzi laweza kuwa hatua chache tu kutoka barabarani, mabishano hayo hayabaki kuwa ya watu wawili.

Tabora haikuanza leo kupenda kelele za kuwasili. Katika karne ya 19, misafara iliyofika Unyanyembe ilijitangaza kwa ngoma na milio ya bunduki, mji wote ukajua kuwa wageni wamefika. Lakini msafara uliingia, ukatua mizigo, ukanyamaza. Gari lililokatwa sailensa huingia kila usiku.

Tabo huendeshwa na moshi wa injini. Moshi huzungusha gurudumu dogo, nalo huzungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya injini, kwa kasi iwezayo kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kwa kuwa gurudumu hilo hufifisha mapigo ya moshi, gari la tabo kwa asili lina sauti ya upole, na hiyo ndiyo sababu ya vijana kutaka "lifunguliwe". Njia ya mkato ni kukata sailensa zote na kuacha bomba tupu. Kinachopatikana ni ngurumo, si mlio. Baya zaidi, katika baadhi ya injini moshi ukitoka kwa wepesi kupita kiasi, tabo husukuma hewa kuzidi kipimo na pistoni huweza kuharibika. Gharama yake huangukia akiba ya nyumba nzima.

Wengine hufunga valvu ya kumwaga hewa nje, ili gari litoe ule mvumo kila dereva aachiapo mafuta. Katika magari yanayopima hewa inapoingia, hewa hiyo imekwisha kuhesabiwa. Ikimwagwa, kompyuta hutoa petroli kwa ajili ya hewa isiyokuwepo, na gari hula mafuta bure. Valvu ya asili, inayoirudisha hewa ndani, iachwe mahali pake. Ile milipuko ya nyuma nayo ni petroli inayoungua ndani ya bomba. Joto lake huila tabo yenyewe.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humpa askari uwezo wa kulisimamisha na kulikagua gari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za kelele za mwaka 2015, huligusa jambo hili kwa upande wa majirani. Kampuni ya bima nayo iarifiwe juu ya badiliko lolote, kabla ya ajali na si baada yake.

Je, kijana anyimwe kabisa? Sioni sababu. Japani, kanuni ya mwishoni mwa miaka ya 1990 iliagiza kuwa gari dogo lenye injini mbele lisizidi desibeli 96 linapopimwa karibu na bomba, na zipo sailensa za michezo zilizothibitishwa huko zenye kibao cha JASMA. Iliyotumika lakini nzima, iliyotengenezwa kwa ajili ya gari la aina hiyohiyo, hutoa sauti nzito isiyotikisa vioo. Kichujio cha moshi kibaki. Chujio la hewa, eya klina kwa lugha ya gereji, libaki ndani ya boksi lake. Lililo wazi huufanya mluzi wa tabo usikike vizuri, lakini vumbi la kiangazi cha Tabora likilipenya, ncha za gurudumu la hewa huliwa kama zilizopigwa msasa.

Upimaji wenyewe si mgumu. Gari lisimame uwanjani mchana, mbali na msikiti na madrasa. Kipimo kiwe nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45, injini ikizunguka kwa robo tatu ya mzunguko wa nguvu zake za juu. Programu ya simu hutoa makadirio tu, hivyo ikisoma 94 au 95 ihesabiwe kuwa imezidi. Sailensa ya asili isiuzwe chakavu. Iwekwe stoo, kwani mnunuzi wa kesho ataiulizia.