Miguu na Mikono ya Mwamuzi

Kwenye mechi ya shule hapa Nakivale, Uganda, wachezaji kumi waliomo uwanjani wanaweza kuwa na lugha tano za nyumbani. Makazi haya yanapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: kuna Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali, na pembeni yao Mnyankole, mwenyeji wa wilaya hii ya Isingiro. Nami, mwalimu niliyetoka Kivu Kusini, nikipuliza filimbi kisha nianze kueleza faulo kwa maneno, nusu hawatanielewa na nusu watanibishia. Mwamuzi wa mpira wa kikapu huamua kwa miguu na mikono. Mdomo hufuata baadaye.

Tuanze na miguu. Uwanja una mita 28 kwa 15, na mechi nyingi za shule zina waamuzi wawili. Mmoja hutangulia hadi mstari wa mwisho, chini ya kikapu kinachoshambuliwa. Mwenzake hubaki nyuma ya mpira. Wachezaji wote kumi wawe kati yao. Wa mbele ana mstari wa mwisho, wa nyuma ana mstari wa kati, na kila mmoja ana mstari wa pembeni ulio kushoto kwake. Mpira ukigeuka, aliyekuwa nyuma ndiye anayetangulia.

Kugawana kazi ni jambo la zamani katika mchezo huu. Mwaka 1891, James Naismith alipoandika kanuni zake 13 kule Springfield, Marekani, aliweka waamuzi wawili: mmoja wa kuangalia watu, mwingine wa kuangalia mpira. Bado tunakosea hapohapo. Waamuzi wasiofunzwa huukodolea mpira macho wote wawili, kama kuku wanaomfuata mwenye mahindi, na huku nyuma mtu anavutwa jezi bila shahidi.

Sasa mikono. Ngumi juu ni faulo. Kiganja wazi juu ni kosa lingine, kwa mfano kutembea na mpira au kutoka nje. Kwenye faulo, mwamuzi huielekea meza na kutoa taarifa kwa mpangilio uleule: namba ya mchezaji, aina ya faulo, kisha adhabu. Namba 23 huonyeshwa kwa vidole viwili, mgongo wa mkono ukiielekea meza, halafu vitatu, kiganja kikiielekea. Mikono yote miwili kiunoni ni kuzuia njia. Ngumi kwenye kiganja ni mshambuliaji kumgonga mlinzi. Msomali na Mrundi wanaona jambo moja kwa wakati mmoja, na mwandishi wa meza haulizi mara mbili.

Ugumu huanza tunapopanda gari kwenda kucheza mjini Mbarara. Kijana wetu anapokea pasi huku akikimbia, anapiga hatua, anafunga. Upande mmoja wa uwanja bao linakubaliwa. Upande wa pili, hatua zilezile zinapigiwa filimbi. Chanzo chake ni kanuni ya FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, iliyoanza kutumika Oktoba 2017: mguu ulio chini wakati mchezaji anayekimbia anaudaka mpira hauhesabiwi, na baada yake ana hatua mbili. Waliojifunza uamuzi kabla ya hapo, wasirudi tena darasani, wanaadhibu mchezo halali. Mchezaji hajui tarehe hiyo. Anachojua ni kwamba haki imebadilika alipovuka mstari wa kati, na wa kutoka kambini huhisi haraka kwamba imebadilika kwa sababu yake.

Semina ya kusoma kanuni darasani haitoshi. Waamuzi wafunzwe wawiliwawili, kwanza bila mpira: watembee nafasi zao, wabadilishane, kisha wakimbie. Ishara zifanyiwe mazoezi mbele ya mtu asiyejua lugha yao. Akikosea kuisoma, irudiwe. Mechi irekodiwe kwa simu, halafu waulizane, "Ulisimama wapi ulipoona hili?" kabla ya kubishana kama ilikuwa faulo.

Na wafunzwe pamoja, wa Nakivale na wa Mbarara, kabla ya msimu wa shule kuanza, wakipangwa mmoja wa huku na mmoja wa kule. Shule zinazolipia jezi na usafiri zinaweza kulipia mafunzo hayo pia. Timu inayofungwa mbele ya waamuzi waliofunzwa hivi itakasirikia mabao iliyofungwa, nalo hilo linarekebishika mazoezini.